Njia ya Kwenda kwa Dada, Ng'ambo ya Meru

Asubuhi ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Ulikuwa umeshuka kutoka msituni ukaingia mpaka kwenye migomba yetu, hata jirani akipita unasikia kikohozi chake kabla hujamwona. Nilikuwa msichana, nimeshapata kipaimara, nimesimama mlangoni na mzigo wa ndizi mgongoni nikimsubiri shangazi yangu amalize kufunga wa kwake. Tulikuwa tunavuka mlima. Dada yangu alikuwa amejifungua.

Ngoja nikueleze kwanza dada huyu alikuwa nani kwangu, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini bibi wa leo, ninayekaa hapa Daraja Mbili, mjini Arusha, katika nyumba yenye umeme na bomba, kila nikiamka natoka kwanza nje kuutazama mlima.

Jina lake Eliamani. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza kwa baba yetu, mimi wa mwisho. Mama alifariki nikiwa bado sijajua kutembea sawasawa. Baba alikuwa mtu wa kahawa na maneno machache, na hakujua la kufanya na mtoto mdogo anayelia. Basi Eliamani akanifunga mgongoni. Alichota maji nikiwa mgongoni, akapalilia nikiwa mgongoni, hata kwenye kwaya ya kanisani aliimba nikiwa mgongoni. Nilipokua ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi bila kujipaka utomvu, kusonga ugali, kuamkia wakubwa, na kunyamaza baba akiwa amekasirika. Wengine walikuwa na mama. Mimi nilikuwa na Eliamani, na sikujiona nimepungukiwa.

Kisha akaolewa, akaenda ng'ambo.

Siku hizi ukisema ng'ambo watu wanadhani Ulaya. Sisi tulimaanisha upande wa pili wa Meru. Kwetu, juu ya barabara ya kwenda Moshi, ni kwenye mvua, migomba na vijito. Upande wa pili ni tambarare kavu, yenye majani ya ng'ombe na udongo wa magadi. Wakati ule wa Mwingereza, mashamba ya walowezi yalikuwa yametubana kwa chini na msitu umetubana kwa juu, kwa hiyo baadhi ya watu wetu walikuwa wameshahamia kule na mifugo yao. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao, kijana mpole, mwenye ng'ombe wazuri. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake isipokuwa mimi, na neno langu lilikuwa moja tu, kwamba amenichukulia dada.

Kati ya huku na kule palikuwa na njia. Haikuwa barabara. Ilikuwa njia ya miguu iliyopita msituni kwenye bega la mlima, upande wa mashariki, na watu wetu walikuwa wakiipita tangu zamani, wengine na ndizi, wengine na magadi, wengine na mbuzi wa mahari. Ukiondoka alfajiri na miguu yako ni mizima, unafika kule jua likiwa limeanza kulala. Shangazi yangu, dada yake baba, mjane aliyekuwa akikaa nasi, alikuwa ameipita mara nyingi sana kufuata magadi. Mimi nilikuwa sijawahi.

Basi tukaondoka. Mwanangu, mimi nilikuwa nakimbia. Mzigo ulikuwa mzito lakini sikuusikia. Nilikuwa na picha moja tu kichwani, ya Eliamani akitoka mlangoni na mtoto mkononi, na kila kilichokuwa katikati yangu na picha ile kilikuwa kero. Tukapita migomba ya mwisho, tukaingia msituni, tukavuka kijito cha kwanza, nikavuka kijito cha pili, nikageuka kumwambia shangazi afanye haraka. Hakuwepo. Nikarudi. Nikamkuta ameshusha mzigo, amekaa juu ya jiwe, miguu yake iko ndani ya maji, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Nikamwambia tutachelewa. Akanionyesha jiwe lingine nikae. Nilipokaa, akaniuliza tumepita wapi tangu tuache migomba. Nikasema tumepita msituni. Akauliza msitu una nini. Nikasema una miti.

Shangazi hakuwa mkali. Maneno yake yalikuwa ya chini, na pengine ndiyo maana hayajanitoka mpaka leo.

"Anandumi," akaniambia, "dada yako aliipita njia hii siku ya arusi. Alikuwa amefunikwa kanga usoni, analia kwa ajili yako. Hakuona hata jani moja. Sasa anakaa kule kwenye nyasi, kila akitazama huku anaona mlima umesimama katikati yake na kwao, na hajui ndani yake kuna nini. Ndizi atazila zitakwisha. Wewe mpelekee njia."

Nikauliza nitampelekeaje njia.

"Itazame," akasema. "Halafu ukamwambie."

Tukainuka. Kuanzia pale nikatembea nyuma yake, mwendo wake wa taratibu, na alipoona kitu alisimama tu bila kusema, mpaka mimi nikakiona.

Nikaona miti ya podo mikubwa hata watu kadhaa hawawezi kuizungusha mikono, na mizizi yake imekuwa ngazi tunazokanyaga. Nikaona mbega juu matawini, wale nyani weusi wenye mikia mirefu myeupe, wakiruka na mikia ikiwafuata nyuma kama mashuka yaliyoanikwa kwenye upepo. Tukafika penye mkuyu mkubwa ulioota ukausonga mti mwingine mpaka ukauua, na mizizi yake ikaacha lango katikati ya njia, pana kiasi kwamba shangazi alisema tembo hupita. Tulipita chini ya lango lile na ndizi zetu, na shangazi akagusa mzizi kwa kiganja, kama unavyogusa mlango wa mtu unayemheshimu. Nami nikagusa.

Baadaye tukasikia maji. Si kijito, maji ya kweli, yanaanguka. Njia ilishuka kidogo kwenye bonde la mawe meusi, na pale maporomoko yalikuwa yakishuka kutoka juu kabisa ya ukuta wenye majani na kuvu, na hewa yote ilikuwa imelowa. Tulikunywa, tukanawa uso. Shangazi alinionyesha nafasi nyuma ya maji ambako mtu anaweza kusimama asilowe. Nikasimama. Dunia yote mbele yangu ikawa inatetemeka, nyeupe na kijani, na sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Halafu msitu ukaisha ghafla, tukatokea kwenye uwanja wa nyasi fupi, umezungukwa na miti pande zote kana kwamba kuna mtu alikuwa ameusafisha. Twiga walikuwa wamesimama upande mmoja wakatutazama bila wasiwasi. Nyati walikuwa mbali, na shangazi alirusha vumbi la kiganjani hewani kujua upepo unaelekea wapi, kisha tukapita kwa pembeni, kimya. Na hapo, nilipoinua kichwa, ndipo nilipouona mlima wetu kwa mara ya kwanza.

Unashangaa? Sisi tuliozaliwa upande huu, na ninyi mnaokaa mjini, tunaouona ni mgongo wa Meru. Kutoka hapa ni mlima mzima, umechongoka vizuri. Lakini upande wa mashariki umebomoka. Zamani sana, wakati ulipokuwa ukitoa moto, ubavu wake ule ulianguka, ukabaki ukuta mrefu wa mawe uliosimama wima, na ndani ya shimo lake kuna mlima mwingine mdogo wa majivu, mweusi, umekaa kimya. Nilisimama pale na mzigo mgongoni nikauangalia. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akimwona baba yake kila siku akienda shambani, leo kwa mara ya kwanza amemkuta amekaa, amefungua shati, ana kovu kubwa kifuani ambalo hakulisema. Na tulipogeuka upande wa pili, Kilimanjaro ilikuwa juu ya mawingu, nyeupe.

Nikamwuliza shangazi kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia. Akasema watu huipita njia wakiwa na mizigo.

Tulifika kwa Eliamani wakati ng'ombe wanarudi. Alikuwa mlangoni, kama nilivyomfikiria, ila alikuwa amekonda na macho yamekuwa makubwa. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Neema. Shangazi aliingia jikoni moja kwa moja kupika mtori wa ndizi tulizobeba, na Eliamani akanikalisha kitandani, akanipakatisha mtoto, akauliza habari za baba, za mbuzi, za kwaya. Kisha akamfunika mtoto vizuri. Akauliza, "Na njia mliionaje?"

Shangazi jikoni aliacha kukoroga chungu. Nilisikia.

Nikamwambia. Nilianza kwenye migomba, nikamwambia vijito, podo, mbega, lango la mkuyu, nafasi ile nyuma ya maji, twiga. Alikuwa akisikiliza mdomo umefunguka kidogo. Nilipofika kwenye mlima uliobomoka alicheka machozi yakitoka, akasema kumbe yeye anauona ule ukuta kila siku kutoka uwanjani pake akidhani ni mlima mwingine kabisa, akidhani Meru yetu imebaki nyuma. Hakuna aliyemwambia kuwa ndiyo hiyo hiyo. Tangu siku hiyo, shemeji alituhadithia baadaye, alikuwa akifagia uwanja asubuhi anaelekeza uso wake mlimani.

Miaka iliyofuata ndiyo ilikuwa miaka yangu mizuri, mwanangu, nakuambia bila kuficha. Kila baada ya mavuno ya kahawa nilivuka. Mara na shangazi, na miguu yake ilipochoka, nilivuka na wanawake wengine waliofuata magadi. Njia ile niliijua wakati wa ukungu na wakati wa jua. Nilijua mahali pa upupu na mahali pa uyoga wa kuliwa. Nilijua wapi harufu ya mierezi inaanza. Na Eliamani, tulipokuwa tukiondoka kurudi, alitusindikiza na Neema mgongoni hadi ukingo wa msitu, akasimama hapo. Kila mara alisema atakuja mtoto akiachishwa ziwa, atakuja ng'ombe wakizaa, atakuja baada ya mvua. Alikuwa na hamu ya kupita chini ya mkuyu ule macho yake yakiwa wazi. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba haina haraka, njia haiendi popote.

Nilikuwa mtoto. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Habari zilianza kama uvumi sokoni. Walisema tambarare ile ya ng'ambo inatakiwa na wakubwa wa serikali, wawape wazungu wafuge ng'ombe wao. Wazee wetu walikwenda kuongea, wakarudi. Wakaenda tena. Baba, ambaye hakuwa mtu wa mikutano, alianza kwenda mikutanoni. Watu wa ng'ambo walisema hawatoki. Kisha siku moja tukaona familia zinakuja kwa barabara ya chini, zimezunguka mlima mzima kwa miguu, na ng'ombe wachache, na kuku kwenye vikapu, na nyuso ambazo sitaki kuzielezea. Walisema nyumba zimechomwa. Walisema wengine wamepakiwa kwenye malori wakapelekwa nyika ya chini, kwenye joto na mbu. Nilipita kwa kila familia nikimwulizia Eliamani. Mama mmoja akaniambia alimwona akipandishwa kwenye lori, na Neema mkononi.

Sikumwambia baba. Nilichukua kanga na kipande cha ndizi ya kuchoma, nikaenda kwenye njia yangu. Nilifikiri nikivuka kwanza nifike nyumbani kwake nione kwa macho yangu, pengine yule mama amekosea.

Mahali ambapo migomba inaishia na msitu unaanza, nilimkuta askari wa msitu. Kijana, wa huko Sekei, sare mpya, na nyuma yake wamelaza gogo katikati ya njia. Nilimsalimu. Akaniambia njia imefungwa, msitu sasa haupitwi bila kibali. Nikamwambia nakwenda kwa dada yangu. Akasema kule hakuna mtu tena.

Nilimwomba, mwanangu. Nilimwambia naijua njia kuliko ninavyojua kiganja changu, sitakata kuni, sitagusa jani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu hakunitazama.

"Mama yangu alikuwa akipita hapa," alisema. "Hata yeye nimemrudisha. Nikikuachia wewe, nitamwambia nini yeye?"

Nikakaa chini kwenye gogo lake. Hakunifukuza. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huingia ndani kila siku kwa kazi, na kwamba nyasi zimeshaanza kuota katikati ya njia. Alisema hakujua njia inaweza kufa haraka hivyo. Nilimwuliza kama mkuyu wenye lango bado upo. Akasema upo. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, na siku ya kuipita njia ile haikuja tena.

Nilizunguka kwa barabara ya chini, pamoja na mjomba mmoja aliyekuwa akitafuta watu wake. Safari hiyo sitaieleza. Ilikuwa vumbi tupu. Tulimkuta Eliamani kwenye kibanda cha miti na nyasi, katikati ya vibanda vingine vya namna hiyo, chini ya jua ambalo sisi watu wa ukungu hatukulizoea. Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta ng'ombe wao waliopotea wakati wa kuhamishwa. Dada yangu alikuwa na homa. Ilikuwa ikija na kuondoka, alisema, ameshaizoea. Neema alikuwa na macho ya njano, amelala kwenye mkeka, hata inzi hafukuzi.

Nilimwambia tuondoke twende nyumbani. Nilimwambia baba anamsubiri, ingawa baba hakujua nilipo. Alikataa. Alisema mume wake akirudi na kukuta kibanda kitupu itakuwaje. Alisema wamekubaliana wote pale kwamba watarudi kwao, kwenye nyasi zao, na kila anayeondoka anawapunguzia wenzake nguvu. Nilimbembeleza, nikalia, nikamkasirikia. Alinisubiri ninyamaze, kama alivyokuwa akinisubiri nikiwa mdogo. Kisha akaniambia neno ambalo alikuwa ameshaliamua kabla sijafika.

"Mchukue Neema. Hapa atakufa. Mfunge mgongoni kama nilivyokufunga."

Nikamfunga mgongoni. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Eliamani alikaza fundo la kanga kifuani pangu kwa mikono yake mwenyewe, akalifungua, akalikaza tena. Mjomba alikuwa nje akinisubiri, jua lilikuwa linapanda. Nilijua natakiwa kuondoka. Na dada yangu akalala tena kwenye mkeka, akafumba macho, akasema, "Niambie njia. Polepole."

Nikakaa chini na mtoto mgongoni.

Nilianza mlangoni kwetu, kwenye ukungu. Nikampitisha kwenye migomba ya baba, nikamwambia ipi imezaa. Nikamvusha kijito cha kwanza, na cha pili, na jiwe la shangazi, nikamwambia atie miguu kwenye maji, na nikaona vidole vya miguu yake vinajikunja pale mkekani. Nikampeleka kwenye podo. Nilipowasahau mbega alinikumbusha. Tulipofika kwenye mkuyu aliinua mkono, macho bado amefumba, akagusa hewa. Kwenye maporomoko nilikaa naye sana, kwa sababu kulikuwa na joto mle ndani na nilitaka abaki nyuma ya maji, kwenye ubaridi. Kisha nikamtoa msituni, nikamfikisha kwenye uwanja wenye twiga, nikamwambia inua kichwa, mlima huo hapo, umefungua kifua.

Mbele ya hapo palikuwa na mteremko, halafu nyasi, halafu nyumba yake. Nikavuta pumzi niendelee.

"Basi," Eliamani akasema. "Usinifikishe. Niache hapo hapo."

Nikamwacha hapo. Niliinuka, nikatoka, nikaifuata barabara ya chini na mtoto wake mgongoni, na sikugeuka nyuma kwa sababu nilijua nikigeuka sitaondoka.

Mvua hazikuwa zimeanza tulipoletewa habari kwamba homa imemchukua. Alizikwa huko huko nyikani. Shemeji alirudi kwenye nyasi zao miaka mingi baadaye, hali ilipogeuka na watu wakapata tena nafasi kule, akajenga nyumba nyingine, na alipozeeka nilimpeleka Neema kwake akiwa mama wa watoto wake mwenyewe. Tulikwenda kwa gari, kwa barabara ya chini. Nilimwonyesha ukuta ule wa mawe, na mlima mdogo wa majivu ndani yake. Alitazama muda mrefu. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mama yake, na mimi sikuwa na picha ya kumpa. Nilikuwa na njia tu. Nikampa hiyo. Shangazi alikuwa ameshatangulia mbele za haki, lakini nilimhisi ameacha kukoroga chungu mahali fulani, anasikiliza.

Mwanangu, nasikia sasa vijana wa huku wanapandisha wageni mle msituni. Wana viatu vizuri na mikoba ya mgongoni, na wageni wanapiga picha chini ya mkuyu. Sioni ubaya. Nafurahi kwamba miguu inapita tena, hata kama si miguu yetu. Lakini mjukuu wangu mmoja alirudi kutoka huko, nikamwuliza ameona nini, akaniambia walipanda kwa muda mfupi kuliko kundi jingine. Nilimpa chai. Usiku huo sikupata usingizi vizuri. Nilikuwa natamani kwenda. Magoti yangu hayawezi hata ngazi za kanisani, lakini nilikuwa natamani kwenda, mwanangu, kwa hamu ya msichana. Natamani ubaridi ule nyuma ya maji. Natamani kumwona mtu amesimama kwenye ukingo wa msitu na mtoto mgongoni, akinipungia mkono mpaka miti imfiche.

Basi shika maneno haya, nami nitakuwa nimemaliza. Mtu unayempenda akikaa mbali, mwendee wakati njia iko wazi, usiseme utakwenda mwaka kesho. Kesho ya njia iko mikononi mwa watu usiowajua, na wanaweza kulaza gogo katikati yake asubuhi moja, na wewe bado unafunga mzigo. Na ukienda, usikimbie. Tazama unapopita. Huko unakokwenda kuna mtu aliyefika akiwa na machozi machoni, hakuona kitu, na anahitaji umwambie. Zawadi nyingine zitaliwa na kuvaliwa na kuchakaa. Utakachomwambia atalala nacho. Na watoto wako waambie njia zote ulizopita, hata zile zilizofungwa, hasa hizo, kwa majina ya vijito na miti, ili wasije wakafikiri mlima ni kile tu wanachokiona kutoka dirishani kwao.

Nakuombea miguu yenye afya, mwanangu, na macho yasiyochoka. Mungu akupe maji safi kila utakapopata kiu safarini, na wa kukupokea mzigo kila utakapofika. Akuzeeshe kati ya watu watakaopenda kukusikiliza. Na siku utakapokuwa mbali na wagonjwa wako, au wewe mwenyewe umelala na huwezi kwenda, asikose kukuletea mtu wa kukaa chini kando yako, asiye na haraka.

Amina. Nenda salama.